Mikayi Bado Hajanunua Hisa

Risper alikaa gizani kando ya dirisha, pazia amelisogeza kidogo, akiitazama nyumba ya mke mwenzake ng'ambo ya ua. Kwa Damaris taa ilikuwa bado inawaka. Ikifika saa sita usiku uuzaji wa hisa ungefungwa, na hapo ingejulikana kama kampuni ya Cate, binti ya Damaris, imepata mtaji au imekosa. Risper alitaka ikose. Kisha akajisikia akitaka hivyo, akashikwa na hofu, akamwomba Mungu awe anawasikiliza watu wengine wakati huo.

Cate alikuwa ameunda sanduku la barafu linalotumia jua, ili samaki wa Sindo wafike Migori bila kunuka. Sanduku la kwanza lilifanya kazi vizuri. Ili aunde mengine benki ilitaka hati ya shamba, na shamba ni la ukoo. Ndipo akaenda kwenye jukwaa moja la mtandaoni, ambako kampuni changa hukaguliwa, huonyesha hesabu zake mbele ya watu, na yeyote anayependa hununua hisa kidogo, hata za bei ya kuku.

Tangu siku hiyo Risper hakupata raha. Kule ufuoni wanawake wanaouza omena, dagaa wa ziwani, walianza kumwita Damaris "Min Director", mama wa mkurugenzi. Wakimwona wanampisha kwenye kivuli. "Min Director, tuwekee barafu hata ya soda!" wanacheka, naye Damaris anacheka nao, meno yote nje. Risper mwenyewe ni mama wa Boaz, aliyesomeshwa kwa ng'ombe wa zizi zima, na leo Boaz anapima misumari kwenye duka la Mahmud kule Migori. Hakuna aliyewahi kumwita Risper mama wa misumari, lakini alilisikia jina hilo kila walipocheka.

Hata hivyo Cate alimjia yeye kwanza. Alikuja na sukari na majani ya chai, akamwandikisha kwa kitambulisho chake kwenye simu, akamweleza taratibu.

"Sasa mimi nikiweka, zamu yangu ya kupokea ni lini?" Risper aliuliza.

"Hakuna zamu, Mama. Hii si chama. Ukinunua hisa, kipande kidogo cha kampuni ni chako. Tukipata faida, huenda tukagawana. Tukianguka, pesa yako imeanguka na sisi."

"Na nikitaka kutoka?"

"Mpaka apatikane mtu wa kununua kipande chako. Inaweza kuchukua miaka."

"Na nikinunua, wewe utakuwa chini yangu?"

Cate alicheka akaziba mdomo. "Mimi niko chini yako tayari, Mama."

Jibu lilikuwa zuri mno. Risper alilitafutia kasoro asiione, na hilo lilimuudhi zaidi. Akasema ataangalia.

Jumapili iliyofuata ukoo ulipokutana, Damaris alisimama na kusema yuko tayari kuweka akiba yake ya samaki. Risper hakuinua sauti. Aliuliza tu, "Katika boma hili, nani hupanda kwanza?"

Kila mtu pale alijua kwamba mvua ikishuka, mbegu ya mikayi, mke wa kwanza, ndiyo huanguka kabla ya nyingine zote. Nyachira, mke wa pili, hungoja hata kama udongo unakauka. Marehemu mume wao Caleb alikuwa mkali sana kwa jambo hilo. Damaris akaketi. Shangazi Helen, aliyekuwa ameshafungua mkoba wake, akaufunga.

Tangu siku ile Risper alikuwa bado anaangalia.

Simu ikalia. Alikuwa Boaz.

"Mama, hujalala?"

"Nilale vipi na kwa nyachira kunawaka kama harusini? Wamefika?"

"Bado. Watu wa Nairobi wamenunua, hata wa ng'ambo. Kumebaki kidogo tu, lakini hicho kidogo ni kigumu."

"Kidogo si kitu. Si wachukue hicho walichopata waanze nacho?"

"Hawawezi. Pesa zimeshikwa kando, Cate hazigusi. Zikifika kiwango, anapewa. Zisipofika, kila mtu anarudishiwa yake na mambo yanaishia hapo."

Risper aliegemea nyuma. Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Angekaa tu hapo kwenye kiti chake, bila kunyoosha kidole, na kesho kule ufuoni hakuna Director tena. Mwili ukapata joto. Halafu sikio lake, ambalo halikosi kitu, likarudi nyuma kidogo.

"Umesema kila mtu. Wewe unajuaje hayo yote?"

"Mama..."

"Boaz."

"Niliweka. Siku ya kwanza kabisa."

"Kabla yangu mimi?"

"Mama, haya si mahindi!"

"Nilikubeba mgongoni mpaka kliniki ya Mbita na mvua inanyesha, leo unaenda kumpandia nyachira?"

"Sikumpandia nyachira. Nilimnunulia dada yangu. Nami nataka kuwa na kitu ambacho si misumari ya Mahmud."

Wivu wa Risper ulikuwa umezoea kutazama upande mmoja, sasa ukageuka haujui umwangalie nani. Mwisho ukarudi palepale.

"Na yeye Damaris aliweka ngapi? Sema ukweli."

"Hajaweka hata shilingi."

"Uongo."

"Cate amemlilia wiki nzima. Anasema mikayi hajapanda, na yeye hawezi kupanda. Shangazi Helen na wengine wote wanamtazama yeye. Wangenunua hao, ingekuwa imeshafika."

Risper aliangalia tena ile taa. Alidhani kule wanahesabu na kufurahi. Kumbe Damaris ameikalia akiba yake kama kuku juu ya mayai, anamwacha bintiye azame, kwa ajili ya neno la mke mwenzake. Na kama Damaris angejua yeye anavyotaka wakose? Risper alijiuliza kama yeye angeweza kumfanyia Damaris hivyo. Jibu hakulipenda, na akaanza kumwonea Damaris wivu kwa hilo pia.

"Majina yanaandikwa wapi?" aliuliza ghafla.

"Majina gani?"

"Ya wenye hisa."

"Kuna rejista ya kampuni."

"Langu litakuwa juu ya lake?"

Boaz alivuta pumzi. "Ukinunua sasa, kabla yake, ndiyo. Litakuwa juu."

"Basi nielekeze. Polepole, usinipigie kelele."

Alikuwa na pesa za ndama dume kwenye simu. Akabonyeza alivyoambiwa. Simu ilimuuliza, kwa Kiswahili cha ofisini, kama anaelewa kwamba anaweza kupoteza pesa yote. Aliusoma mstari huo kwa kidole, akarudia. Akakubali, akaweka nambari yake ya siri, na ujumbe ukaingia.

"Sasa mpigie yeye," Boaz alisema.

"Neno kama hili halisemwi kwa simu."

Alijitupia leso, akavuka ua. Mbwa alibweka akamtambua. Akagonga.

"Nani?"

"Mimi. Fungua, Nyar Kadem," Risper alisema, akimwita kwa jina la kwao, binti wa Kadem.

Ikaja sauti ya Damaris, kavu, imechoka. "Mikayi, kama umekuja kuona tunavyolia, njoo asubuhi. Kutakuwa na mwanga wa kutosha."

Risper alistahili hilo, akalimeza. "Nimepanda," alisema.

"Umesemaje?"

"Nimepanda, nimekwambia! Na jina langu liko juu ya lako, usije ukasahau. Sasa panda wewe, umwambie na Helen apande. Fanyeni haraka, muda unaisha."

Ndani kiti kilianguka. Cate alisema kitu kwa haraka, Damaris akamwambia ashike simu vizuri, aache kulia, ampigie shangazi. Komeo likavutwa, likakwama, likavutwa tena. Mlango ukafunguka, na Risper akaingia huku macho yake yakitazama ukutani, ambako Damaris alikuwa ametundika pazia jipya, zuri kuliko lake.