Kenya ya Ukurasa wa Mashairi

Nyumbani kwetu Shanwe, pale Mpanda, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tuliijua Kenya kuliko watu waliokwishafika huko. Tuliijua kwa ukurasa wa mashairi wa gazeti. Tulijua kwamba Lamu wanaume wote wameachwa na wapenzi wao na kazi yao ni kulalamika. Mombasa walibishana mwaka mzima kama kuku alianza au yai. Nairobi hapakuwa na kitu, maana hakuna mshairi aliyewahi kuandika kutoka huko. Komoro tuliijua kwa bwana mmoja aliyeumwa jino akaomba dawa kwa beti kumi na mbili. Redio ilipotangaza uchaguzi wa Kenya, baba alishangaa watu wenye majonzi ya mapenzi kiasi kile wamepata wapi nguvu za kupanga foleni.

Baba alikuwa karani wa ghala la tumbaku, lakini hiyo aliihesabu kama bahati mbaya iliyompata. Kazi yake hasa ilikuwa ushairi. Gazeti lilifika Mpanda kwa treni ya kutoka Tabora, siku treni ilipojisikia kuja, kwa hiyo baba alisoma ugomvi wa washairi wakati wenyewe wameshapatana. Haikumzuia. Alikaa usiku akatunga jibu kali, akalipeleka posta, na lilipochapishwa wenzake wa Tanga na Mombasa walikuwa wameshahamia ugomvi mwingine. Mimi binti yake nilikuwa nalamba stempu. Nilimheshimu sana, ila nilijua tunaingia vitani watu wakiwa wanakunja mikeka.

Na kama sisi tulivyoijua Kenya, Kenya nayo iliijua Mpanda. Hapo ndipo shida ilipokuwa, kwa sababu Mpanda ya baba ilijengwa na vina. Kina kikidai tembo, tembo alitokea. Kina kikidai dhahabu, tuliichimba uani. Ubeti uliompa sifa kubwa kuliko zote ulianza hivi:

Ziwa letu la mapenzi, latugonga mlangoni.

Ziwa Tanganyika lenyewe liko mbali na Shanwe, ni safari ya lori ya kutwa nzima kama lori ni zima. Mama alipomuuliza habari ya ziwa hilo, baba alimwambia kwamba shairi si ramani, na kwamba "mlangoni" ilikuwa inasubiri kutumika tangu ubeti wa kwanza.

Basi siku moja treni ikaleta gazeti. Baba akaketi barazani, akafungua ukurasa wake, akaanza kughani kwa sauti shairi la mwalimu mstaafu wa Mombasa, ambaye walikuwa wameshalumbana naye miaka na sasa wanaitana ndugu. Shairi lilisema mwalimu ametamani kuiona nchi ya ziwa na tembo kabla hajafa, ameshakata tiketi, na anaomba apokewe. Baba hajamaliza ubeti wa mwisho, mzee mmoja mwembamba mwenye mwavuli na kopo la halua akapiga hodi. Alikuja na treni ileile iliyoleta taarifa yake.

Walikumbatiana mpaka gazeti likachanika. Kisha mgeni akageuka akatazama mlango wetu, akatazama kulia, akatazama kushoto. Mbele yake palikuwa na kichuguu na mashine ya kusaga. Baba akasema mgeni amechoka, apumzike kwanza.

Tukaanza wiki ya visingizio. Ziwa halikwendeka kwa sababu barabara imekatika. Tembo wamehama kufuata maji. Dhahabu, serikali imekataza kuionyesha. Mgeni aliitikia kila neno kwa upole wa watu wa kwao, na baba akazidi kukonda, maana alijua kitakachofuata. Mshairi akirudi kutoka safarini huandika alichokiona. Na mtu akichekwa kwenye ukurasa ule, hachekwi siku moja. Kulikuwa na fundi wa Pangani aliyekosea jina la nyota akatungiwa mashairi ya dhihaka mpaka akaacha kuandika. Baba hakuwa na cheo, wala ng'ombe, wala mtoto Dar es Salaam. Alikuwa na jina lake kwenye ukurasa ule, basi. Nilimwonea huruma hadi nikashindwa kula.

Kumpotezea mgeni siku, baba aliazima baiskeli akampakia hadi kijiji cha Litapunga, akidai huko ndiko njia ya ziwa inakoanzia. Huko waliishi watu waliokimbia Burundi zamani, ambao maharage yao tuliyala kila juma. Burundi baba hakuwahi kuihesabu, kwani haikuwa na mtu gazetini. Lakini kwenye kilabu cha pombe mzee mmoja wa huko, aliposikia mgeni ni mshairi, alisimama akaanza kusifu kwa Kirundi ng'ombe aliyemwacha kwao siku ya kukimbia. Alimsifu pembe, alimsifu mwendo, na mgeni ambaye hakuelewa hata neno moja akatoa leso akajifuta macho. Baba alisikiliza kwa makini, halafu akamuuliza yule mzee huwa anachapisha kwenye gazeti gani.

Waliporudi, wamejaa vumbi, mama aliwawekea maji ya kunawa na wali wa mchele wa Kibaoni, kijiji alikozaliwa. Mgeni akamuuliza kwa adabu, shemeji, hilo ziwa tutakwenda lini. Baba alikohoa. Mama akaendelea kupakua.

"Shemeji, nisikudanganye," alisema. "Ziwa liko mbali sana. Maji yaliyoko mlangoni hapa ni ya ndoo, na nimeyateka mimi."

Mgeni alitazama ndoo, akamtazama mama, akala wali wake akaumaliza. Baba hakula. Usiku nilimsikia akimlaumu mama kwamba kwa maneno yale amemuua yeye mumewe, amemzika mbele ya nchi mbili. Mama alimwambia alale, kesho ana zamu ya kupima tumbaku.

Mgeni aliondoka na treni iliyofuata, ameshika asali tuliyomfungashia. Tangu hapo baba alisubiri gazeti kama mtu anayesubiri hukumu. Hakutunga. Treni ikiingia alinituma mimi, yeye akajifanya anapanga vitu ambavyo vilikuwa vimepangika. Miezi ilipita. Siku nilipoliona jina la mwalimu wa Mombasa ukurasani, nilitamani nimwambie baba kwamba gazeti limekwisha.

Alikaa barazani. Mama alikuwa jikoni, amebandika mboga. Baba hakughani mara hii, alisoma kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya msiba:

Ziwa mimi sikuona, wala tembo mlangoni,
Nimemwona muungwana, akipuliza jikoni,
Asubuhi na mchana, hajaketi mkekani,
Ndugu yangu wamuona, au macho ni ziwani?

Akalilaza gazeti magotini. Nami nikapekua kichwani mashairi yote ya baba niliyoyalambia stempu. Humo mlikuwa na tembo, nyuki, mabehewa, marais, kuku na yai. Mama hakuwemo hata kwenye mstari mmoja. Miaka yote ile, na mtu mmoja wa Mombasa alikaa wiki akamwona. Niliona aibu kwa niaba ya baba, na kwa niaba yangu pia nilikasirika kwamba nami nililazimika kumsoma mama yangu gazetini.

Mama alikuwa ametoka jikoni bila sisi kumsikia. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi, uso umemtoka jasho la moto.

"Baba watoto," alisema, "soma tena hapo pa jikoni."

Baba akasoma. Mama akaweka mwiko chini, akaketi mkekani, akanyoosha miguu.

"Polepole," alisema. "Ghani."

Baba akaghani. Sauti ilimkatika kwenye mstari wa mwisho, akarudi mwanzo, akaanza upya, na harufu ya mboga inayoungua ikatufikia barazani. Niliinuka. Mama akanishika gauni akanivuta chini, akamwambia baba aendelee.