Kilichomtoa Wangu Kitale

Watu wa Matulo wanapenda umbea, bana. Wangu alipofunga hoteli yake Kitale, hoteli iliyokuwa inajaa kila siku ya soko, akaja huku kumuuguza mama mkwe wake, Mama Peris, kila mtu alikuwa na sababu yake mfukoni. Ati amefilisika. Ati ameokoka. Mukhisa, shemeji yake, alisema wazi: mumewe ni marehemu, sasa huyu Mkikuyu amefuata shamba.

Mimi ni jirani, nilikuwa naona. Mama Peris alipooza upande mmoja, na kauli ikapotea. Watoto wake wa kuzaa, Mukhisa akiwemo, walikuwa wanapiga simu tu. Wangu alimwogesha, akamgeuza kitandani, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, na akitemewa anapangusa tu na kuendelea. Nilimpenda bure.

Siku moja Mukhisa akakusanya ukoo sebuleni, pale pale penye kitanda cha mgonjwa, akitaka Wangu arudi Kitale. Akiondoka yule, Mama Peris abaki na nani, na simu?

Mukhisa akamuuliza mbele ya wote ni nini hasa kilimleta.

Wangu alisema shamba wagawane wenyewe, yeye halitaki. Kisha akaeleza kwamba alipoletwa hapa bibi harusi, alipikia wazee kuku, na bila kujua mila zetu akaila firigisi jikoni akionja chumvi. Sasa, kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Mke mgeni aile? Angeanza ndoa na aibu ambayo haioshwi. Baba mkwe alipokosa kipande chake sahanini, akauliza kiko wapi.

"Mama alinitazama," Wangu akasema, "halafu akasema ameila yeye. Hajawahi kunikumbusha hata siku moja."

Lo! Nani hapa hakujua jina ambalo Mama Peris amebeba tangu wakati huo? Mla Firigisi. Kwenye harusi, kwenye matanga, mpaka wajukuu. Na Mukhisa ndiye alikuwa analipenda kuliko wote.

Mukhisa akapiga magoti kando ya kitanda. "Mama," akasema, "si ungetuambia?"

Mama Peris hakuwa na kauli ya kumjibu. Alinyoosha ule mkono wake mzima, ukampita Mukhisa, akamshika Wangu.