Sosi Nyeusi Mbele ya Wakwe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu mwenyewe, na wala haikuwa siku yangu. Ilikuwa siku ya mdogo wangu Kanyere. Wakwe walikuwa wanakuja kwetu Bulengera kutoka Kirumba kula chakula chetu kwa mara ya kwanza, mbuzi wa mahari walikuwa wamekwisha kufungwa nyuma ya nyumba, na mimi, Masika, mzaliwa wa kwanza, ndiye niliyepewa jiko. Umeniomba nikufundishe ile sosi uliyoiona kwenye simu yako, ili nawe uwapikie wakwe zako. Nitakufundisha. Lakini weka simu chini kwanza, maana sosi yenyewe ni rahisi, na yaliyokuja nyuma yake hayamo humo.

Wakati ule nilikuwa mpishi Beni, nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akisafiri mpaka Asia kutafuta vitambaa na vipuri vya pikipiki. Siku hizo mtu alipanda gari Beni na kushuka Butembo bila kuuliza kwanza habari za barabara. Safari moja tajiri wangu alirudi na tamaa ya nyama iliyopakwa sosi nyeusi, tamu, yenye kung'aa. Akasema inaitwa teriyaki, ni ya Wajapani. Alileta chupa chache. Chupa zilipokwisha, tamaa haikwisha, na mke wake akanitazama kana kwamba Japani ni kijiji cha mjomba wangu.

Basi nikajifunza kwa kuharibu. Maji ya soya, yale meusi yenye chumvi kali, yalipatikana madukani Butembo. Sukari ilikuwapo. Tangawizi unaiponda, hukati, na kitunguu saumu vilevile. Tajiri alisema wenyewe hutia pombe ya mchele. Mimi nilitia kasiksi, pombe yetu ya ndizi, na hiyo ya mchele haijaninyima usingizi hata siku moja. Unachemsha kwa moto mdogo wa makaa na huondoki hapo, kwa sababu sukari haina urafiki: ukigeuza kichwa imeungua, na sosi iliyoungua ni chungu, hata umwombe nani haitengenezeki. Mwisho unakoroga unga wa muhogo kidogo katika maji baridi, unamimina, unakoroga tena mpaka sosi ishike mgongo wa kijiko. Kuku unamchoma kwanza, unampaka, unamrudisha motoni, unampaka tena, hivyo hivyo mpaka ang'ae. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo, nasema bila haya.

Sasa, desturi yetu unaijua, au labda huijui, ninyi mnaokula mmesimama. Kwetu anayempa mgeni pombe hunywa funda la kwanza mbele yake. Anayempa chakula hunyofoa kipande, akala mbele ya mkubwa wa wageni, ndipo mgeni anyooshe mkono. Hakuna anayeuliza kwa nini. Kila mtu analijua neno lenyewe, karuho, sumu ya kutiliwa chakulani, na hakuna anayelitaja mezani.

Aliyesimamia mambo yote siku ile alikuwa shangazi yetu, dada mkubwa wa baba. Tulimwita Tante Perpetua. Aliingia jikoni, akafunua sinia. Kuku wangu walikuwa wamepangwa pale, weusi, wanang'aa kama viatu vya Jumapili.

"Masika, ni nini hii?"

"Ni teriyaki, Tante. Bajapone njo banakulaka vile."

"Iko mweusi sana. Donc utaonja mbele ya bazee, na utaonja mara mbili."

"Mais Tante, kuku nimeshaipanga muzuri. Nikitoa kipande, yote itaharibika."

"Iharibike."

"Kwa patron wangu hatuonjake. Hiyo ni mambo ya zamani."

Akanitazama, mkono bado umeshika kifuniko. "Weye mutoto, sosi yako haina shida. Batu njo beko na shida."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo nimeimbiwa tangu shule ya msingi, na isingeniuma hata kidogo kama guu lililovunjika lingekuwa langu.

Nilipeleka sinia, nikalitua mbele ya baba mkwe, nikapiga magoti kama inavyotakiwa, nikainuka, nikarudi jikoni. Hakuna aliyenyoosha mkono. Niliwaona kutoka mlangoni, nikadhani wanamheshimu kuku. Kisha yule mzee akaangua kicheko: "Bakwe, mais hii kuku mulimuvalisha kostime!" Wote wakacheka kuku aliyevaa suti, naye akawa wa kwanza kunyoosha mkono. Alikula kuliko wote. Akaomba bukari nyingine, ndio ugali wetu, ili apanguse sosi iliyobaki. Kanyere alikuwa amekaa pembeni na wasichana wenzake, akanitazama mlangoni kwa furaha ambayo hakuweza kuificha, maana sasa ilionekana wazi kwamba ndoa yake imekubaliwa. Uso ule sijauona tena.

Kabla wiki haijaisha, mzee alifariki kwao Kirumba. Alikuwa mgonjwa wa tumbo kwa miaka. Wanawe walijua, mke wake alijua, kila siku ya soko alikuwa akimnunulia dawa. Tena sinia lile waliligusa wote, pamoja na Kambale, bwana harusi mwenyewe, na hakuna aliyepata hata kuhara. Nani alitaka kusikia hayo? Walisema mwenye karuho anajua aitie kipande kipi. Lisemwalo lipo, wakasema majirani zetu, watu tuliopanga nao mstari wa komunyo. Naichukia methali hiyo, mwanangu. Ilitungwa na mtu mvivu wa kuuliza.

Ndugu wa marehemu walikuja kwetu. Baba akawakaribisha ndani, wakakataa. Akawapa maji, wakakataa, na mgeni akikataa maji ya kwako, ujue mazungumzo yamekwisha. Mkubwa wao, ambaye naye alikula kuku yule yule, akaniita mimi.

"Hatuseme kama ni weye. Tunauliza tu: ulionja?"

Baba akanitazama. Kanyere alikuwa amesimama mlangoni, ameshika pazia. Nikamgeukia shangazi, aliyesimama karibu na baba, aseme ndiyo. Neno moja tu. Alikuwa mtu mzima, wa kanisa, nilijiambia wangemwamini.

"Hapana," akasema Tante Perpetua. "Hakuonja. Nilimuambia, akakatala."

Wakawafungua mbuzi wao, wakaondoka nao. Kambale hakuja hata kuaga. Baadaye tulisikia ameoa Lubero.

Nilimchukia shangazi. Nilimchukia miaka na miaka, na yeye hakujitetea. Tulipikiana, tulizikiana watu, tulikaa benchi moja kanisani, na bado nilimchukia. Mpaka asubuhi moja tukiwa tunachambua maharage nyumbani kwake, nikamtupia swali usoni: neno moja tu, Tante, lilikushinda nini?

"Bote balikuwa pale, Masika. Balikuona na macho yabo," akasema, bila kuinua uso. "Ningesema ulionja, bangesema tuko babili. Na Kanyere bangemuweka wa tatu."

Nikasema sikumwekea mtu chochote.

"Najua. Weye uliwaza kuonja ni ju ya sumu. Hapana. Kuonja ni ju ya siku ile mutu atakufa. Batu banakufa tu, mutoto yangu. Na siku mutu anakufa, ndugu yake banatafuta mukono wa mwisho ulimupa chakula."

Nikaendelea kuchambua maharage mpaka bakuli likajaa. Sasa yeye amekwisha kuzikwa.

Usifikiri nimetulia. Watu wa Kirumba sijawaomba msamaha na sitawaomba, kwa sababu walijua ukweli wakachagua uongo uliowapa mtu wa kumlaumu. Kosa langu nalijua ukubwa wake: nilipenda kuku wangu abaki mzuri. Mtu anaweza kuolewa, kuzaa na kuzeeka akiwa na kosa dogo kama hilo, na asilikumbuke kamwe. Mimi niliolewa. Aliyelipa ni Kanyere.

Walikuja wengine kumposa. Waliuliza habari kwa majirani, hawakurudi. Amezeeka katika nyumba ya baba yetu, anauza soya na maharage sokoni, na watoto wanaomwita mama ni wa watu wengine. Hajawahi kunitolea neno baya, na bado huniita Yaya, dada yake mkubwa. Ningependa anitukane, hata mara moja, nijue hesabu imefungwa. Yeye huja kwangu kila Jumapili baada ya misa, na mimi huwa nimempikia. Nampakulia, nakaa mbele yake. Anaweka mikono mapajani, anangoja. Kisha anatabasamu kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, anasema, "Yaya, onja kwanza."

Mdogo wangu niliyembeba mgongoni! Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Basi mimi hunyofoa kipande, natafuna, nameza, anaona nimemeza. Ndipo anakula, na anausifu upishi wangu.

Haya, pika sosi yako, mwanangu. Usiizidishe sukari na usiuache moto. Lakini sinia likipendeza sana, uvunje uzuri wake wewe mwenyewe, kwa mkono wako, mbele ya mkubwa wa wageni, kabla hajauliza mtu. Usiwaambie wakwe kwamba umesoma, kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati. Moyo wako safi hawauoni. Wanauona mkono wako na mdomo wako, basi, na siku ya msiba watakumbuka hivyo viwili tu. Na aliyekuzidi umri akikuambia iharibike, iache iharibike, kuku wengine wako sokoni. Ni nasaha chungu kumpa msichana anayekwenda kuolewa, najua. Afadhali uchungu wake uupate kwangu, ukiwa bado hujawasha makaa.

Mungu aibariki mikono yako na moto wako. Akupe wakwe wenye matumbo mazima, wapate kula kwako leo na waishi mpaka wachoke wenyewe. Awape watu wako macho mema juu yako. Na mdogo wako, mwanangu, akae mbele yako miaka yote, akichukue chakula mkononi mwako kabla hujakionja, nawe usijue kamwe kwamba hiyo ni baraka.