Zamu ya Mwisho ya Likelemba

Nilipokuwa nasoma masomo ya jioni Kolwezi, mwalimu wetu wa hesabu za ofisi, padri mwenye ndevu zilizofika kwenye mkanda, alitamka jambo lililonitesa wiki nzima. Karatasi ya mkopo inayoahidi faranga elfu baada ya miaka mitano, alisema, leo hainunuliwi kwa elfu. Mimi, mbebaji magunia wa ghala la Mutoshi, nikasimama.

"Padri, kama imeandikwa elfu, ni elfu."

Darasa lilicheka mpaka madirisha yakatikisika. Naapa kioo kimoja kilipasuka.

Mtihani ulikuwa Jumamosi. Ukifaulu, karani: kiti, kalamu, tai. Ukianguka, magunia mpaka mvi.

Nikarudi nyumbani nimenuna. Mke wangu alikuwa mlangoni na jirani. Wote wawili walikuwa katika likelemba ya wanawake kumi: kila mwezi kila mmoja hutoa hamsini, na mmoja huondoka na mia tano zote. Mke wangu alikuwa amechukua zamu ya kwanza juzi tu. Ya jirani ilikuwa ya mwisho, miezi tisa mbele, na cherehani aliyoitamani ilikuwa dukani sasa, kabla ya Noeli.

"Mama, kamata zamu yangu," jirani alisema. "Unipe mia ine na nusu leo; hamsini ya kila mwezi nitaendelea kulipa miye."

"Mia tatu na nusu."

"Mama, unaniua. Ile ni mia tano."

"Mia tano ya wapi? Mi siione. Miezi tisa iko mu njia. Bwana ya mumoja wetu atamaliza kontra ya kazi, batarudia Kasai. Nitamufuata na treni?"

Wakakutana kwenye mia nne. Mimi nilibaki na kofia mkononi.

"Kumbe unajua hesabu ya padri," nikamwambia.

"Padri naye anaingiaka likelemba?"

Jumamosi, swali la karatasi ya mkopo nililijibu kwa kasi hata wino ukatoa moshi. Nikaongeza sababu: mwenye deni anaweza kurudi Kasai. Swali la pili ndilo lililonikwaza. Kampuni imenunua magunia kumi ya unga, manne yameliwa mwezi huu. Gharama ya mwezi ni magunia mangapi? Nikaandika kumi. Kwetu, poso, mgao wa chakula wa kampuni, ikishafika na ndugu wakasikia, hakuna gunia linaloona mwezi wa pili.

"Manne," padri alisema akinirudishia karatasi. "Sita yanangoja mwezi utakaoyala. Hapa si nyumbani kwako."

Nilipita kwa alama moja, nyembamba kama sindano.

Nikakimbia kumwambia mke wangu. Mshahara wa karani ungeanza baada ya miezi sita ya kujaribiwa, nikamweleza, na siku hiyo ningemnunulia vitambaa vitatu.

Alinitazama kama alivyomtazama jirani.

"Tata wa batoto, bitatu bya miezi sita? Leta kimoja leo. Bile bingine ubakie nabyo."

Nikakinunua jioni ileile, kwa mshahara wa magunia.