Barakoa Haibani Juu ya Ndevu

Mgodini mume wangu wanamwita Ndevu, na akiitwa hivyo anavimba kichwa. Kazi yake ni kutoboa mwamba kwa mashine. Vumbi lake ni laini kama unga uliochekechwa, na likishaingia kifuani halitoki. Ndiyo maana walipewa barakoa za mpira zinazobana uso. Nikamwambia, baba watoto, barakoa haibani juu ya ndevu. Akanijibu eti ndevu zake zinachuja vumbi bure, mgodi ungepaswa kumshukuru!

Juzi dada wa usalama alikuja kuwapima. Unavaa barakoa, unafunikwa kichwa kwa mfuko wenye dirisha, kisha anapuliza dawa chungu ndani. Ukionja uchungu, barakoa yako inavuja, na huendi shimoni mpaka unyoe. Wenzake wote walikwenda wamenyoa. Bwana wangu akaenda na kichaka chake kidevuni.

Aliporudi alitusimulia sebuleni, mimi na kaka yake, akijiona shujaa.

"Akapuliza. Jamani, chungu kama shubiri! Akaniuliza, 'Unasikia chochote?' Nikasema, 'Hata kidogo, dada.'"

"Na uso wako je?" nikamuuliza.

"Machozi yalinitoka. Nikamwambia nimekumbuka msiba. Akaniangalia weee, akapuliza tena, nikatabasamu. Nimefaulu!"

Damu ilinichemka. "Umemdanganya nani? Dada wa watu amerudi kwake na mapafu yake mazima. Na vumbi nalo umelidanganya?"

"Mama watoto, punguza moto."

Shemeji yangu, huyo kaka yake, alikuwa hoi kwa kucheka. Naye alitoboa mwamba uleule kwa miaka mingi. Siku hizi akivaa kiatu kimoja hupumzika kwanza ndipo avae cha pili. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakataa kuisha. Mume wangu akamshika mgongo. Mimi nikasimama na glasi ya maji ambayo hakuweza kuinywa. Niliogopa, sifichi.

Pumzi ilipomrudia, akajifuta mdomo.

"Mdogo wangu, hata mimi nilikuwa nazo. Nyingi kukushinda. Barakoa walinipa, nikaivaa juujuu hivyohivyo."

"Ukazinyoa lini, kaka?"

"Sikunyoa. Nilinyolewa hospitali, siku waliyonivalisha barakoa ya hewa. Hata ile haibani juu ya ndevu."

Mume wangu akachukua wembe. Alikwenda bafuni, na baada ya kitambo akaniita nimmalizie shingoni. Chini ya kichaka kulikuwa na kidevu kidogo ambacho sikuwahi kukiona tangu tuoane. Nilitaka kumcheka, nikajikuta nalia.

Asubuhi alimfuata dada wa usalama, akamwomba ampime upya.