Zawadi ya Kashaulili, Marejesho ya Makanyagio

Mume wangu alikuwa fundi baiskeli Kashaulili, hapa Mpanda, pembeni ya soko, na Jumapili baada ya misa alikuwa anacheza karata. Naanza na hilo la karata kwa sababu waliomfahamu wanaliruka wakimtaja, kana kwamba wanamsitiri. Mimi sioni cha kusitiri. Alicheza mchana, kwa hela ndogo, na jua likianza kushuka alikuwa njiani kurudi nyumbani.

Walicheza kwa mama mmoja mjane, mtaa wa Makanyagio, aliyekuwa anauza pombe ya komoni uani kwake. Mchezo wenyewe waliuita poka. Nilisikia uliachwa na mafundi wa mgodi wa zamani. Kila mtu anapewa karata tano, watu wanaweka hela katikati, na mwenye karata nzuri au mwenye moyo mgumu anazoa mzigo wote. Yule mama hakucheza. Alikuwa anakata kidogo kwenye kila mzigo kabla haujazolewa, na hiyo waliiita ya meza. Ilikuwa ndiyo kodi ya kiti na kivuli. Lakini alikuwa na utaratibu wake. Kila akikata kwenye mzigo wako, alidondosha punje ya haragwe kwenye kopo lako, na mwezi ukiisha alimrudishia kila mtu sehemu ya alichokatwa, kwa kadiri ya punje zake, awe ameshinda au ameshindwa. Hayo waliyaita marejesho. Mume wangu alikuwa ananiletea mimi, nami nilinunua sabuni, chumvi, mara nyingine kanga ya mitumba.

Nilikuwa na miaka kadhaa Mpanda bila kumwona mama yangu. Nilikuja huku kutoka Ufipa kukaa na kaka yangu aliyekuwa anafanya kazi reli, nikaposwa hapahapa. Mahari ilipelekwa kwetu na wazee wa mume wangu, Wakonongo wawili waliopanda lori wakarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Yeye mwenyewe hakwenda, alikuwa na kazi za watu. Kisha akazaliwa binti yetu, kaka akahamishiwa mbali, na mimi nikabaki sina mtu wa kuongea naye Kifipa. Nilikuwa naongea peke yangu nikikoroga uji. Mume wangu alinisikia asubuhi moja akiwa mlangoni.

"Unamwambia nani?" akauliza.

"Mama."

Hakucheka. Alikaa kwenye kizingiti akafunga kamba za viatu taratibu sana, halafu akasema, "Kiangazi hiki twende wote. Sisi watatu. Namdai sura yake mkwe wangu."

Tangu siku hiyo tukawa tunaisema safari hiyo kama watu wanavyosema habari za sikukuu. Ila nauli ya watu watatu mpaka Sumbawanga, na kutoka hapo mpaka kijijini, haikuwa kitu cha kuokota kwenye matairi ya baiskeli.

Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja kwa treni ya Tabora, akafungua duka Kashaulili, na nyuma ya duka akaweka meza ya karata. Alitaka wachezaji wa Makanyagio wahamie kwake, na alijua namna ya kuwaita. Mchezaji mgeni akija na hela yake, naye alimwekea nyingine sawa na hiyo. Zawadi ya kukaribishwa, alisema.

Mume wangu alinieleza jioni ile tukimenya mihogo uani. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Nikiweka akiba yetu, anaiweka mara mbili," akasema. "Hiyo ni nauli yetu wote. Kwenda na kurudi."

"Na unaondoka nayo siku hiyohiyo?"

"Hapana. Yangu naweza kuondoka nayo. Ile yake haitoki mlangoni mpaka ya meza anayonikata ifike kiasi cha hiyo zawadi. Tena iwe kabla mwezi haujaisha, la sivyo inarudi kwake."

"Kwa hiyo anakupa hela yako mwenyewe. Anakuonyesha kwanza, ndiyo ukaitafute."

"Na yule mama je? Si naye ananirudishia hela yangu mwenyewe? Tena nusunusu."

"Lakini ya yule mama inafika hapa."

"Inafika ikiwa sabuni," akasema, si kwa ubaya. "Marejesho ni matone, mama watoto. Tutakunywa matone mpaka lini? Hii ni ndoo nzima."

Nilikuwa na la kumjibu. Niliona wazi kwamba ili akatwe kiasi hicho ndani ya mwezi lazima acheze kuliko alivyozoea, na anayecheza sana hachagui karata. Lakini alikuwa amesema ndoo nzima, na mimi nilikuwa nimeshamwona mama amesimama kwenye ua wake, ameweka kiganja juu ya macho, anatazama nani hao wanaokuja. Nikamwambia, "Wewe ndiye unayeijua meza." Akahama.

Ule mwezi nauona mpaka leo. Alikuwa haendi Jumapili tu. Alifunga kibanda mapema Jumatano, halafu Ijumaa. Mteja alikuja nyumbani kuulizia baiskeli yake. Mezani alikuwa anaingia kwenye mizigo ambayo zamani angeiacha ipite, kwa sababu kila mzigo aliouzoa ulikatwa, na kila makato yalimsogeza karibu na zawadi. Alikuwa akirudi ananiambia, "Imebaki robo," kama mtu anayehesabu vijiji vilivyobaki njiani. Ila hakuwa anataja kwamba akiba yetu inapungua. Nami sikuuliza. Jioni tulikuwa tunakaa na mtoto katikati yetu, tunamfundisha kumwamkia bibi yake kwa Kifipa.

Mwezi uliisha zawadi ikiwa bado haijatoka mlangoni. Ilibaki kidogo sana, yeye alisema. Yule mfanyabiashara alimpigapiga begani na kumwambia anaweza kuanza upya mwezi ujao. Mume wangu alirudi nyumbani na kipande tu cha akiba yetu, akakiweka juu ya mkeka, akakaa ukutani.

"Haikutoka," akasema.

Nilimwekea maji ya kuoga. Sikujua la kufanya lingine.

Kesho yake kulipokucha, nikiwa nafagia, nilimwona yule mama mjane anaingia uani kwetu. Hakuwahi kufika kwetu. Tuliamkiana, nikamletea kigoda, akafungua fundo la kanga.

"Haya ni marejesho ya baba hapo," akasema. "Kopo lake lilikuwa na maharage ya wiki zile za mwanzo kabla hajahama. Na mwezi ulipoisha hakuja kuchukua."

Mume wangu alitoka ndani. Aliona hela, akainamisha kichwa. "Shikamoo mama. Mimi niliondoka kwako."

"Marahaba. Uliondoka, ndiyo. Maharage yalibaki." Akasimama, akajikung'uta. "Karata utacheza unapotaka, baba. Hiyo ni yako."

Alipoondoka, tulikaa tukaziangalia zile hela pamoja na zilizobaki. Zilitosha nauli ya mtu mzima mmoja kwenda na kurudi, na mtoto wa kupakatwa.

"Tungoje," nikasema. "Tutakwenda wote mwakani."

"Hapana. Wewe nenda."

"Si ulisema unamdai sura?"

"Nitadai mwakani," akasema. "Wewe deni lako ni la zamani."

Wiki ile alitupeleka kwenye lori. Alimbeba mtoto mpaka dakika ya mwisho, akanikabidhi nikiwa juu ya magunia, halafu akashika ubao wa lori kwa mkono mmoja, akatembea nalo kidogo lilipoanza kuondoka. Tulipita Sitalike, tukawaona viboko wamelala mtoni kama mawe, mtoto akaniuliza kama baba naye atawaona. Nikamwambia atawaona.

Mama yangu alikuwa amepungua. Kichwa chake kilinifika begani, na zamani tulikuwa sawa. Alinishika uso kwa mikono miwili, akamshika mtoto, halafu akatazama nyuma yetu njiani.

"Yuko wapi?"

"Kazi zilimbana, mama. Atakuja."

Mvua ziliwahi mwaka ule, magari yakakwama, nikakaa kuliko nilivyopanga. Kila asubuhi tukichambua ulezi alikuwa ananiuliza habari zake. Anakula nini. Anatembeaje. Akikasirika anafanyaje. Nilimwonyesha jinsi mume wangu anavyokaa, mguu mmoja amenyoosha, anavyoinua gurudumu na kulizungusha huku amefumba macho, asikilize kama linagusa. Mama alicheka mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Na usingizi ukinikataa ni yeye niliyemwaza, yule aliyebaki Mpanda. Nilikuwa nimeipata furaha niliyoilia miaka yote, na nusu yake ilikuwa haipo.

Niliporudi, barabara zilipofunguka, alikuwa amesimama pale malori yanaposhusha. Alikuwa amekonda. Jirani aliniambia alikuwa anakuja pale karibu kila jioni. Karata alikuwa amerudi kucheza Makanyagio, Jumapili tu, na yule mfanyabiashara alikuwa bado na meza yake na watu wake.

Hatukwenda mwaka uliofuata, kwa sababu nilikuwa mjamzito. Uliofuata tena, mtoto aliugua. Mama alifariki wakati wa masika, na habari zilitufika akiwa ameshazikwa. Mume wangu alifunga kibanda siku tatu. Miaka mingi baadaye alimfuata, hapahapa Mpanda, na nikamzika Magamba kwenye shamba letu.

Hawakuwahi kuonana. Siku ile niliposhuka kwenye lori, kabla hajaniuliza habari za njia, aliniuliza, "Mkwe wangu anachekaje?"

Nilijaribu kumwigizia. Sikuweza vizuri, kwa sababu nilikuwa nalia, na yeye alinisikiliza amefumba macho, mizigo yangu ikiwa bado iko chini barabarani.