Likoni Nayo Ina Timu

Sisi tuliovuka kila siku kutoka Likoni kwenda kazini kisiwani Mombasa tulimjua mfunga kamba mmoja wa feri. Viganja vyake vilikuwa vimejaa sugu, na kila alipomaliza kufunga kamba alivipangusa kwenye kikoi, kisha akamshika bega abiria aliye karibu. "Umesikia, bwana? Likoni tunaunda timu!" Sauti yake ilikuwa nzito na ya kukwaruza, lakini akifika kwenye neno timu ilipanda juu yenyewe. Kinyozi mmoja wa kisiwani alimcheka waziwazi. "Mombasa ina timu tele. Nani atavuka maji kuja kuwatazama nyinyi?"

"Watakuja, wallahi," akamjibu, akageukia abiria mwingine.

Jumamosi ya mechi ya kwanza, mwaka ule Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, nilitoka kazini nikakuta gati la kisiwani limefurika watu. Feri ilikuwa imekwisha kwenda na kurudi mara kadhaa, na bado walikuwa wakisukumana, kinyozi naye yumo. Mfunga kamba aliwakodolea macho, kamba imemning'inia mkononi, mpaka nahodha akamfokea. "Wamekuja!" akanipigia kelele nilipopanda. Yeye hakupata ruhusa ya kwenda uwanjani, maana watu walikuwa wangali wanangoja kuvushwa. Tulikuwa katikati ya maji vifijo vya bao vilipotufikia kutoka Likoni.

"La nani?" nikamuuliza.

"Sijui!" akasema, naye ameshanikumbatia, anarukaruka.